Majibu kutoka Manggarai: nyumba ya mume, shamba la ukoo

Tangu picha ya mashamba yetu ya mpunga yenye umbo la utando wa buibui ichapishwe humu, barua zimekuja nyingi. Kwa wasionijua: mimi ni mzaliwa wa Rombo, nimeolewa Flores, mashariki ya Indonesia, katika nchi ya Wamanggarai. Mume wangu nilikutana naye Malaysia, mimi nikisomea uhasibu, yeye akiwa kibarua wa ujenzi kama vijana wengi wa huku. Kijiji chetu kiko mlimani, hakifiki kaya 90, na huu ni mwaka wangu wa 12 hapa. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ilininyima usingizi.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi Mbeya, nina miaka 31. Mchumba wangu ni wa huko huko Manggarai. Tukioana mwakani tutahamia kijijini kwao. Anataka tujenge kwenye ardhi ya baba yake, na ameniomba nitoe akiba yangu, shilingi milioni 18. Ardhi ni ya ukoo, haina hati. Namwamini, lakini kaka yangu ananiuliza kila siku: jina lako litaandikwa wapi? Nimekosa la kumjibu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kaka yako kauliza swali la maana, na jibu ni kwamba jina lako halitaandikwa popote. Lisikie sasa, ukiwa bado na pesa yako mkononi.

Kwanza sheria. Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960, na kifungu chake cha 21 kinatoa umiliki kamili, unaoitwa hak milik, kwa raia tu. Wewe unaweza kupata haki ya kutumia, au kupanga, basi. Usiwaone wabaya, kwetu Tanzania nako mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Kinachowanasa wengi ni hiki: mkioana bila mkataba wa kutenganisha mali, mnachochuma ndani ya ndoa ni chenu wote wawili. Kwa kuwa sehemu yake ni ya mgeni, hata mume anakwama akitaka kununua ardhi ya umiliki kamili. Zamani mkataba huo ulikuwa ufanywe kabla ya ndoa au siku yenyewe. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba waliokwisha kuoana nao wanaweza kuufanya. Wewe usingoje huruma hiyo, ufanye kabla. Ardhi atakayorithi mwenzio kwa baba yake haiingii katika mali ya pamoja, inabaki yake.

Sasa mila, ambayo kijijini ina nguvu kuliko karatasi. Wamanggarai wana msemo: gendang one, lingko pe'ang. Ngoma iko ndani, shamba liko nje. Ngoma za ukoo zinatundikwa katika nyumba kuu ya kijiji, na mashamba yote yanayozunguka kijiji ni ya ngoma hizo. Mtu anapata shamba kwa sababu ana mahali pa kukaa chini ya ngoma. Watoto wa kiume wanaitwa ata one, watu wa ndani. Wa kike ni ata pe'ang, watu wa nje, kwa kuwa wataolewa kwingine. Mke anakula katika fungu la mumewe. Mimi niliyekulia kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachagga, sikuhitaji kufundishwa hilo. Nililihisi kifuani siku ya kwanza niliyopita mlango wa nyumba ya ngoma.

Nikueleze yaliyotupata. Tulijenga katika mwaka wa tatu wa ndoa: kuta za matofali ya saruji, bati, jiko la mbao nyuma. Zaidi ya nusu ya pesa ilikuwa yangu, na kila risiti niliiweka kwenye kopo la biskuti. Miaka miwili baadaye binamu wa mume wangu akarudi kutoka kwenye mashamba ya michikichi ya Kalimantan, kisiwani Borneo, akasema pale lilipo jiko letu aliahidiwa yeye. Wazee wakakaa katika nyumba ya ngoma kuanzia jioni hadi jogoo wa kwanza. Mimi nilikaa nyuma pamoja na wanawake, kopo langu mapajani. Hakuna aliyeniuliza risiti hata moja. Wala hawakunidharau. Risiti inaonyesha nani alilipia saruji, haionyeshi nani aliambiwa ajenge pale.

Kilichotuokoa ni kuku. Siku ya kuchimba msingi baba mkwe alikuwa ameita majirani na tu'a teno, yule mzee anayesimamia ugawaji wa mashamba. Akachinja jogoo, akamimina tuak, yaani tembo la mnazi-mwitu wa huku, akatamka kwa sauti mpaka unapita wapi. Wazee watatu waliyakumbuka maneno yale. Mmoja alikumbuka hata kwamba jogoo alikuwa mweupe. Nyumba ikabaki yetu, na binamu akapewa kiwanja chini ya barabara. Tulimsaidia kukisawazisha, maana naye hakuwa mwongo: aliahidiwa kweli, ila na mtu mmoja, faraghani, bila mashahidi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usitoe milioni 18 zote. Toa sehemu ambayo hata ikipotea hutalala njaa, na iliyobaki ikae benki kwa jina lako. Nendeni kwa mthibitishaji wa mikataba, anaitwa notaris, mwandike mkataba wa mali, halafu usajiliwe kwenye ofisi ya vizazi na ndoa. Mwandike humo kiasi ulichotoa kwa ajili ya nyumba na nini kitafanyika mkiachana au mmoja akifa. Ujue pia kwamba mgeni akirithi ardhi yenye hati ya umiliki kamili ana mwaka 1 tu wa kuihamishia kwa mtu anayestahili. Kwa hiyo zungumzeni mapema ni nani huyo. Watoto wenu, wakiwa raia wa Indonesia, wanaweza kuimiliki. Kisha mwombe baba mkwe atamke mpaka mbele ya ndugu wote wa mchumba wako, hasa walioko mbali. Wasubirini warudi likizo, hata kama msingi utachelewa mwaka mzima.

Kuna jambo moja ambalo huenda hakukutajia. Kila mke hapa ana upande wa kwao, anak rona, waliomtoa. Hao wana heshima kubwa, na upande wa mume unawajibika kwao kila penye shughuli. Wewe kwenu ni Mbeya, hawatakuja kukaa kikao. Omba upewe ukoo. Mimi kabla ya ndoa nilipokewa na kaya moja ya kijiji cha pili kama binti yao, kwa kuku na nguo ya songke, na mahari ikapita kwao. Tangu hapo nina baba na kaka wa kuniulizia. Usiku ule wa kikao kaka yangu huyo alikuwa amekaa mstari wa mbele, na kila mtu alijua amekuja kwa ajili ya nani.

Ukimweleza mchumba wako haya akakasirika, ahirisha ndoa. Mume wangu nilipomweleza alinyamaza siku mbili, halafu akanipeleka mwenyewe kwa notaris, mjini Ruteng.

SWALI: Mimi ni mkulima wa kahawa Muleba. Hayo mashamba ya mviringo mnayagawaje bila kugombana? Na kahawa yenu mnamuuzia nani?

JIBU: Ndugu yangu wa Muleba, karibu. Swali lako limenifurahisha.

Shamba moja la namna hiyo linaitwa lingko. Katikati yake pana kitovu, lodok, na zamani ndipo kilipochomekwa kigingi cha mti wa teno. Kutoka kitovuni mipaka inanyooka kama njiti za gurudumu hadi ukingo wa nje. Kipimo ni kidole. Tu'a teno anaweka kidole chake kwenye kitovu, na upana wa kidole kimoja pale katikati, ukivutwa hadi ukingoni, unakuwa shamba la familia. Mwenye cheo au kaya kubwa anapata zaidi, mgeni aliyepokelewa anapata kidogo. Kwa sababu kila kipande kinaanzia kitovuni na kuishia ukingoni, ni vigumu mmoja akapewa udongo mzuri wote na mwenzake akaachiwa mawe. Zamani yalikuwa mashamba ya mahindi na mpunga wa mlimani, siku hizi mengi yamegeuzwa majaruba ya maji. Ukitaka kuyaona kwa uzuri wake panda kilima pale Cancar, magharibi ya Ruteng, asubuhi kabla ya mawingu.

Bila kugombana, hapana. Kitovu hakikui. Baba mwenye kidole kimoja akiwa na watoto wanne wa kiume, mjukuu anarithi kipande ambacho plau haigeuki. Ndiyo maana vijana wanakimbilia Malaysia na Kalimantan. Katika kaya za kijiji chetu ni chache ambazo hazina mtu ughaibuni, na wakati wa kupandikiza mpunga utaona wanawake na wazee tu wameinama majini.

Kahawa ni hadithi ya uchungu zaidi. Huku juu ni arabika, chini kidogo ni robusta, na tunavuna kuanzia mwezi wa 5. Sifa kubwa ni ya kahawa ya Colol, upande wa mashariki. Watu wa Colol wanalima kwenye miteremko ambayo serikali inasema ni msitu, kwa mipaka iliyoanza kuwekwa tangu Wadachi. Kahawa yao ikafyekwa, wenzao wakakamatwa. Tarehe 10 Machi 2004 wakaja Ruteng kuwadai wenzao, polisi wakafyatua risasi, na watu 6 wakafa. Mama mkwe alikuwa sokoni siku ile. Hadi alipofariki alikuwa akipita njia ile kimya, hazungumzi na mtu hadi aivuke.

Kuhusu kuuza: ninyi Kagera mna butura, kuuza kahawa ingali ua mtini kwa mwenye pesa. Huku inaitwa ijon, na ni kitu kile kile. Mwezi wa 1 mpunga umekwisha ghalani, ada ya shule inadaiwa, mchuuzi anakuja na pesa mkononi. Mwezi wa 7 unamkabidhi magunia kwa bei aliyoitaja yeye wakati una njaa. Mwaka wangu wa kwanza nilimwona mama mkwe anaanika kahawa kwenye turubai kando ya barabara, anaigeuza kwa uangalifu kama anayelaza mtoto, na tayari haikuwa yake. Nilichofanya kama mhasibu ni kidogo: wanawake 17 tunaweka akiba kila Jumapili baada ya misa, na mwezi wa 1 tunakopeshana wenyewe. Ni kile kile mnachokiita VICOBA. Kati ya wale 17, waliouza ijon msimu uliopita ni 2. Mmoja alikuwa na mgonjwa hospitali, wala hatukumlaumu.

SWALI: Mwalimu mstaafu, Tanga. Nataka kuja kuwaona wale mijusi wakubwa wa Komodo, kisha nikae kijijini wiki moja. Njia ikoje?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Ndege ya moja kwa moja hakuna. Wengi wanapitia Doha au Dubai hadi Jakarta au Denpasar, kisha ndege ndogo hadi Labuan Bajo, mlango wa kisiwa chetu. Boti za kwenda Komodo zinaanzia hapo hapo. Kutoka Labuan Bajo hadi Ruteng ni kama kilomita 130, na gari linatumia saa 4 hivi, kwa sababu barabara ina kona kuliko mikono ya pweza. Tafuna tangawizi. Mbele ya Ruteng utapanda oto kol, lori lenye mabenchi ya mbao na paa, mnakaa pamoja na magunia, kuku na nguruwe. Bodaboda zipo, zinaitwa ojek, lakini kwa umri wako na mteremko ule nakusihi upande lori.

Usije kati ya Desemba na Februari, udongo unaporomoka na barabara inafunga. Njoo mwezi wa 6 au wa 7. Chukua sweta zito, Ruteng iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na usiku unatetemeka. Chukua kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na uulize ubalozi kuhusu viza kabla hujalipia tiketi. Ukifika kijijini usianze kupiga picha. Utapelekwa kwanza nyumba ya ngoma, utaketi mkekani, mzee atakukaribisha kwa kuku na tuak na kukutaja kwa wahenga. Hunywi? Gusa chupa tu, inatosha. Kisha kahawa, na hiyo uinywe yote.

SWALI: Mimi ni wa Wete, Pemba. Nasikia watu wa huko wanazichoma karafuu wakavuta kama sigara. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, na harufu yake utaipata kila kituo cha lori. Sigara zinaitwa kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu, na zilianzia Kudus, kisiwa cha Java. Usione ni matusi kwa karafuu. Mti wenyewe kwao ni visiwa vya Maluku, mashariki yetu huku, na wenu uliletwa baadaye kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi. Kwa miaka mingi viwanda vya kretek vilinunua karafuu za Unguja na Pemba, mpaka Indonesia ilipopanda za kutosha. Babu zenu walilisha moshi huu.

Nilikuwa sijawahi kuona mkarafuu hadi nilipoolewa. Sasa nachambua, natenga makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, naanika kwenye majamvi kama ninyi. Makonyo nayo yana mnunuzi, na majani yaliyoanguka yanakusanywa kukamuliwa mafuta. Ila hatuna shirika la serikali linalonunua kama lenu. Kila mchuuzi ana bei yake. Miaka ya 1990 kulikuwa na chombo kimoja kilichopewa ukiritimba wa kununua, kikiongozwa na mtoto wa Rais Suharto. Bei ikaanguka mkulimani hadi watu wakakata mikarafuu. Kilivunjwa 1998. Nyuma ya nyumba yetu kuna visiki viwili vya wakati ule, na baba mkwe amekataa ving'olewe.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa Rombo, kwenu nakufahamu. Sina swali la shamba. Una mabinti wawili huko. Wao ni wa wapi? Na wewe, Mungu akikuita, utazikwa wapi?

JIBU: Shikamoo mama. Barua yako niliisoma jikoni nikafunga mlango.

Kwa sheria ya Indonesia ya mwaka 2006, mabinti zangu wanashika uraia wa pande zote mbili hadi miaka 18, kisha wana miaka 3 ya kuchagua mmoja. Tanzania nayo haimruhusu mtu mzima kushika mbili. Mkubwa ana miaka 10, na nimeshajua atachagua wapi, maana anaota kwa Kimanggarai. Kichagga changu anakichanganya, lakini Kiswahili anakisoma, na barua yako nimemsomea.

Kwa mila wao ni watu wa nje. Hata hivyo kuna kitu kinaitwa widang: baba anaweza kumpa binti kipande cha ardhi, akikitamka hadharani mbele ya ndugu wa kiume. Asipotamka, siku akifa wanakichukua. Mume wangu amesema atawapa upande wa mikarafuu. Nimemwambia asingoje waolewe. Tumekubaliana ifanyike kwenye sikukuu ya mavuno, penti, mwaka huu, watu wote wakiwepo. Jogoo ninaye tayari, namlisha mwenyewe, na ni mweupe.

Baba alipofariki Rombo mwaka ule wa mvua kubwa sikuweza kuja, unajua. Nilipopokea simu nililia uani. Kabla ya giza nyumba ilijaa. Rambirambi hapa inaitwa wae lu'u, machozi, na walileta bahasha, mchele, kahawa, sukari. Watu kama 40 walilala sakafuni kwangu usiku tatu kwa ajili ya mzee ambaye hawakumwona hata kwa picha. Wazee wakaniuliza jina la baba, la babu, na la baba wa babu. Wakayataja yote matatu katika nyumba ya ngoma.

Makaburi hapa yanakuwa mbele ya nyumba, kama ya kwetu yanavyokuwa kihambani. La mama mkwe lina vigae vyeupe. Mchana tunaanika mahindi juu yake, jioni watoto wanakalia wakifanya kazi za shule. Upande wake wa kushoto pana nafasi. Baba mkwe aliipima kwa hatua zake mwaka jana, akaniita nione, akaniuliza kama migomba niliyoipanda pale inaweza kubaki. Nimemwambia ibaki.